Siku Yenye Saa Kumi

Ukiandika 18:00 ndani ya seli ya lahajedwali, kisha ukaiagiza seli hiyo ionyeshe namba ya kawaida badala ya saa, utaona 0.75. Ukiandika 06:00 utaona 0.25, na ukiandika 17:30 utapata mkia mrefu wa tarakimu, 0.729166 na kuendelea, kwa sababu saa 17 na nusu zikigawanywa kwa 24 hazitoi jibu linalokoma. Programu yenyewe haihifadhi saa wala dakika. Inachohifadhi ni siku, ambayo kwayo ni namba 1, pamoja na vipande vya siku vilivyoandikwa kwa desimali. Saa na dakika tunazoziona kwenye skrini hukokotolewa pale tu zinapotakiwa kuonyeshwa. Kwa kuwa kazi yangu ni ya kushinda na majedwali ya aina hiyo, nikijumlisha muda ambao watu wengine wameufanyia kazi, nimejikuta nikijiuliza mara kwa mara kwa nini kitu kinachofanya kazi vizuri hivyo nyuma ya pazia hakikufaulu kabisa kilipopandishwa ukutani.

Historia ya wakati wa desimali husimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Wafaransa walipindua ufalme, wakapagawa na hesabu, wakaamuru siku iwe na saa kumi, wananchi wakakataa, mambo yakaishia hapo. Simulizi hiyo haina uongo mwingi, lakini inaacha mambo mawili bila maelezo. Kama wazo lenyewe lilikuwa la kipuuzi, mbona wanaastronomia wanalitumia hadi leo bila kulalamika? Na kama lilikuwa zuri, mbona halikudumu kisheria hata mwaka mmoja? Naona kwamba wakati tunaufanyia kazi mbili ambazo kwa nje zinafanana. Kuna kazi ya kuugawana, yaani kupanga zamu, kukubaliana tutakutana lini, kukata siku katika nusu na theluthi na robo. Na kuna kazi ya kuukokotoa, yaani kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Mfumo wa zamani ni hodari katika kazi ya kwanza na ni kero katika ya pili, na karibu kila pendekezo la desimali lilifaulu au kuanguka kulingana na kazi ambayo lilipewa.

Mfumo tulio nao haukubuniwa na mtu mmoja wala katika zama moja. Wamisri wa kale waliugawa mchana katika sehemu 12 na usiku katika sehemu 12, na urefu wa sehemu hizo ulibadilika kadiri mchana ulivyorefuka au kufupika. Wababeli walihesabu kwa msingi wa 60. Wanaastronomia wa Kigiriki walichukua vyote viwili, wakazifanya saa 24 ziwe na urefu mmoja kwa ajili ya hesabu zao, na wakatumia migawanyo ya 60 kwa vipande vidogo. Matokeo yake ni mchanganyiko wenye sura mbaya, ambamo siku inagawanywa kwa 24, saa kwa 60, dakika kwa 60, na kisha ghafla, chini ya sekunde, kila kitu kinakuwa cha kumi kumi: milisekunde, mikrosekunde, nanosekunde. Hata hivyo namba hizo za zamani zina sifa moja ambayo kumi haina. Namba 60 inagawanyika bila baki kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30. Namba 10 inagawanyika kwa 2 na 5, basi. Anayetaka kuigawa siku katika zamu tatu zilizo sawa hupata saa nane kamili kwa mfumo wa kale, ilhali katika siku ya saa kumi atapata saa tatu na theluthi, ambayo kwa desimali huandikwa 3.333 bila mwisho.

Wafaransa waliyajua hayo. Wazo la kumi kumi lilikuwepo muda mrefu kabla ya mapinduzi. Mwaka 1754 mwanahisabati Jean le Rond d'Alembert aliandika katika Encyclopédie, ensaiklopidia kubwa ya Kifaransa, kwamba ingefaa sana migawanyo yote, ya fedha, ya urefu, ya siku na ya saa, iende kwa kumi. Mwaka 1792 Jean-Charles de Borda, mwanahisabati na baharia ambaye pia alihusika na vifaa vilivyotumika kuipima meridiani, mstari wa kutoka ncha hadi ncha ya dunia, kwa ajili ya kuipata mita, alipendekeza kwamba wakati nao uingizwe katika mpango mpya wa vipimo. Oktoba 1793 kalenda mpya ya jamhuri ilipitishwa, na tarehe 24 Novemba mwaka huohuo amri ya kina ikaeleza saa mpya: siku, kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku inayofuata, ingegawanywa katika saa 10, kila saa katika dakika 100, na kila dakika katika sekunde 100. Sheria ilianza kuwa ya lazima tarehe 22 Septemba 1794, siku ya kwanza ya mwaka wa tatu wa kalenda hiyo.

Kwa vipimo vyetu, saa moja ya desimali ilikuwa na dakika 144, dakika moja ilikuwa na sekunde 86.4, na sekunde moja ilikuwa 0.864 ya sekunde tuliyonayo. Kwa hiyo siku nzima ilikuwa na sekunde 100,000 badala ya 86,400. Sekunde hiyo mpya, kwa bahati tu, inakaribiana sana na pigo la moyo wa mtu mzima aliyetulia: moyo unaopiga mara 69 au 70 kwa dakika ya kawaida hupiga takriban mara moja kwa kila sekunde ya desimali. Sijawahi kuona mtu akiitumia hoja hii kuutetea mfumo huo, ingawa kwa maoni yangu ni ya kupendeza kuliko nyingi zilizotumika.

Uso wa saa ya aina hiyo unastahili kuangaliwa kwa karibu. Mshale wa saa huzunguka mara moja tu kwa siku nzima, tofauti na mshale wetu unaozunguka mara mbili. Namba 10 iko juu kabisa, mahali pa saa sita usiku, na namba 5 iko chini kabisa, mahali pa adhuhuri. Kati ya 2 na 3, upande wa kulia, ndipo ulipo wakati wa jua kuchomoza pale usiku na mchana unapolingana, na kati ya 7 na 8, upande wa kushoto, ndipo linapozama. Kwa hiyo mtu anayeutazama mshale mmoja tu huona kwa jicho ni sehemu gani ya siku imekwisha na ni ipi imebaki, bila kuhitaji kuambiwa kama ni asubuhi au usiku. Mshale wa dakika nao huzunguka mara kumi, taratibu, duru moja kwa dakika 144. Saa nyingi zilizosalia katika makumbusho zina miduara miwili: mmoja wa namba mpya na mwingine wa namba za kale, kwa sababu mafundi walijua wateja wao wangehitaji kutafsiri. Na mtu mwenye kutafsiri kila anapotazama ukutani hajauhamia mfumo mpya. Ameongezewa kazi tu.

Ndani ya kasha mambo yalikuwa magumu zaidi. Kwa saa ya kawaida magurudumu yenye meno yamepangwa ili mshale wa dakika uzunguke mara 12 kwa kila mzunguko mmoja wa mshale wa saa; kwa saa mpya uwiano ulipaswa kuwa 10 kwa 1. Pendulamu inayopiga sekunde ya kawaida ina urefu wa takriban sentimita 99.4, ilhali ya kupiga sekunde ya desimali inatakiwa iwe na sentimita 74 hivi. Haikuwezekana basi kufuta namba na kuchora nyingine. Ilibidi mashine ifunguliwe na sehemu zake zibadilishwe. Saa wakati huo ilikuwa chombo cha gharama, na mwenye nayo aliirithisha.

Tarehe 1 Machi 1795 mhandisi na mbunge Claude-Antoine Prieur aliwasilisha ripoti yake mbele ya Baraza la Taifa. Hoja zake zilikuwa za mtu anayejua kuchagua vita. Alieleza kwamba mgawanyo mpya wa siku uliwanufaisha watu wachache, hasa wa sayansi, wakati gharama yake ingemwangukia kila mtu, na kwamba kuung'ang'ania kungeweza kuuharibia jina mpango mzima wa vipimo vipya. Tarehe 7 Aprili 1795 ikapitishwa sheria ambayo wapenzi wa vipimo huikumbuka kwa sababu ndiyo iliyoweka mita, lita na gramu. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyosimamisha saa ya desimali. Ulazima wake ulikuwa umedumu miezi sita na nusu. Kalenda yenyewe, yenye miezi ya siku thelathini thelathini na majuma ya siku kumi, iliendelea hadi Napoleon alipoifuta kuanzia tarehe 1 Januari 1806, lakini kisa chake ni kingine, na kwa kiasi kikubwa kinahusu dini na mapumziko ya wafanyakazi, ambao walijikuta wakingoja siku tisa badala ya sita kabla ya kupumzika.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba watu walishindwa na mazoea. Mimi siyaridhii. Watu haohao walibadilishiwa vipimo vya urefu, uzito, ujazo na hata fedha, na ingawa walinung'unika kwa miongo kadhaa, hatimaye walivikubali vyote. Tofauti iko mahali pengine. Kabla ya mapinduzi, ratili ya mji mmoja haikuwa ratili ya mji wa jirani, na mnunuzi wa nguo au nafaka alikuwa na sababu ya kila siku ya kuogopa kupunjwa. Mita na kilo zilikuja kumaliza ugomvi uliokuwepo. Saa, kinyume chake, ilikuwa imegawanywa kwa namna moja kila mahali: 24, 60, 60. Ni kweli kwamba kila mji ulifuata adhuhuri yake wenyewe, lakini hiyo ni shida ya mahali pa kuanzia kuhesabu, na kuigawa siku kwa kumi hakuigusi hata kidogo. Hapakuwa na mfanyabiashara aliyeuza wakati kwa kipimo cha wizi. Mageuzi yaliletwa mahali ambapo hapakuwa na malalamiko, na gharama yake ilionekana tangu siku ya kwanza.

Walionufaika waliendelea kimyakimya. Mwanahisabati na mwanaastronomia Pierre-Simon Laplace alitumia siku na vipande vyake vya desimali katika kazi yake kubwa ya mienendo ya sayari, Mécanique céleste, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1799, yaani miaka minne baada ya sheria kuisimamisha saa hiyo. Kwake halikuwa suala la siasa. Mtu anayezidisha na kugawanya kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, hataki kila jumla ya sekunde imlazimishe kusimama na kubeba sitini.

Mfano ambao naona haupewi uzito wake unatoka China. Huko siku iligawanywa katika vipande 100 vilivyoitwa ke, kila kimoja kikiwa na dakika 14 na sekunde 24 za kwetu, na mgawanyo huo ulitumika tangu kabla ya Kristo hadi karne ya 17, kwa mapumziko machache. Ke zilisomwa kwenye saa za maji: maji yalidondoka chomboni, fimbo yenye alama ikapanda au kushuka, na alama hizo ndizo zilizohesabiwa. Kwa hiyo hoja kwamba binadamu hawezi kuishi na siku ya desimali haina msingi. Mamilioni ya watu waliishi nayo. Tatizo lilikuwa kwamba sambamba na ke kulikuwa na mgawanyo mwingine wa siku katika vipindi 12, vilivyoitwa shichen, na 100 haigawanyiki kwa 12. Kila kipindi kilibeba ke nane na theluthi. Watunza kalenda walihangaika na theluthi hiyo kwa vizazi. Wakati wa Mfalme Ai wa ukoo wa Han idadi ya ke ilipandishwa kuwa 120 kwa muda mfupi. Katika karne ya 6, chini ya ukoo wa Liang, ilishushwa kuwa 96, kisha ikapandishwa kuwa 108, na baadaye ikarudi kuwa 100. Mwisho wake ulikuja mwaka 1645, pale ukoo wa Qing ulipotangaza kalenda iliyotengenezwa kwa msaada wa wanaastronomia Wajesuiti na idadi ikawekwa 96, ili kila kipindi kiwe na ke nane kamili. Tangu hapo ke imekuwa robo saa, dakika 15 barabara, na neno hilo bado linatumika hivyo katika Kichina.

Ninachojifunza hapo ni kwamba nusu desimali ni mbaya kuliko desimali kamili au kutokuwa nayo kabisa. Migawanyo miwili isiyooana ikiishi pamoja, ule unaotumika katika mazungumzo ya kila siku ndio hushinda, na ule wa wataalamu hulazimika kupunguza au kuongeza vipande vyake ili uupishe mwenzake.

Somo hilo lilijirudia Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walipokutana Washington na kuichagua meridiani ya Greenwich iwe mwanzo wa kuhesabu longitudo, walipitisha pia azimio la kutumaini kwamba utafiti wa kuigawa pembe na wakati kwa desimali ungeendelezwa. Mwaka 1897 ofisi ya Ufaransa inayoshughulikia longitudo, Bureau des longitudes, iliunda tume ya suala hilo, na mwanahisabati Henri Poincaré akawa katibu wake. Tume ilikuja na suluhu ya katikati: siku ibaki na saa 24, lakini saa igawanywe katika dakika 100 na dakika katika sekunde 100.

Nikilinganisha mapendekezo yote ninayoyajua, hili ndilo ambalo ningelipigia kura, kwa kuwa linaacha zamu, ratiba na lugha ya watu kama zilivyo na kuondoa kero katika mahali pekee inapouma, ndani ya saa. Lakini lilichelewa. Kufikia wakati huo sekunde ilikuwa imekwisha kuzama katika vipimo vya umeme vilivyokubaliwa kimataifa, na kuibadilisha sekunde kungemaanisha kubadilisha ampea, volti na kila kilichojengwa juu yake. Sekunde ya tume ingekuwa 0.36 tu ya ile ya zamani. Mabaharia nao walikuwa na ramani na majedwali yao. Isitoshe, pembe hazikukubali. Katika mpango wa awali wa mapinduzi, duara lilikuwa na gredi 400, robo duara gredi 100, na mita ilikuwa sehemu moja ya milioni kumi ya robo ya meridiani, kiasi kwamba sehemu moja ya mia ya gredi juu ya ardhi ni kilomita moja. Huo ulikuwa mpango ulioshikana: dunia ikijizungusha kwa saa 10, kila saa inapita gredi 40. Ukirudisha saa 24 ndani yake, kila saa inapita gredi 16 na theluthi mbili, na theluthi ileile iliyowasumbua Wachina inarudi kukaa mezani. Kufikia mwaka 1900 mpango ulikuwa umeachwa. Gredi zenyewe hazikufa, maana wapima ardhi wa nchi kadhaa za Ulaya wanazitumia hadi sasa, na hao pia ni watu wa kukokotoa.

Nikiacha njia kidogo, wakati wa desimali una faida moja kwa mtu asiyekuwa na mpango wowote wa kuutumia: unaonyesha ni mambo gani tunayoyaheshimu kwa sababu ya kipimo tu. Mwaka 2009 mjini Berlin, Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Kwa sekunde za mwaka 1794 hizo ni 11.09, na ukuta wa sekunde kumi, ambao wanariadha wengi hujipima nao maisha yao yote, ungekuwa sekunde 8.64 za kwetu, mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kukaribia. Eliud Kipchoge alipomaliza umbali wa marathoni mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, dunia nzima ilishangilia kwamba saa mbili zimevunjwa. Kwenye saa ya desimali mshale ungesoma dakika 83 na sekunde 10, na mpaka uliovunjwa ungekuwa dakika 83 na theluthi, namba ambayo hakuna ambaye angeiwekea bango. Juhudi ya mkimbiaji ni ileile, lakini hatua ambayo watu wangekesha wakiisubiri ingekuwa nyingine.

Jaribio la mwisho lililojulikana sana ni la kampuni ya saa ya Swatch, ambayo mwezi Oktoba 1998 ilizindua wakati wa intaneti. Siku iligawanywa katika mapigo 1,000, kila moja likiwa na dakika 1 na sekunde 26.4, na hesabu ilianza saa sita usiku kwa wakati wa Biel, mji wa Uswisi yalipo makao ya kampuni hiyo. Hapakuwa na kanda za saa: @500, yaani pigo la 500, ilikuwa @500 kwa kila mtu duniani. Naliona kuwa jaribio dhaifu kuliko yote, kwa sababu lilifunga pamoja mambo mawili yasiyohusiana. Kufuta kanda za saa kunawezekana bila desimali, na wataalamu wa mitandao na marubani hufanya hivyo kila siku kwa kutumia UTC, wakati mmoja wa marejeo wa dunia nzima, yenye saa 24 za kawaida. Desimali nayo inawezekana huku kila mji ukibaki na mchana wake. Yakifungwa pamoja, mtumiaji alipoteza kitu ambacho saa humpa bila kuombwa, yaani kujua kama mwenzake wa mbali yuko macho au amelala, na alichopata badala yake ni kizio kirefu kuliko dakika, kisichofaa kuchemshia yai wala kupangia safari.

Mahali ambapo desimali ilishinda hapakuwa na uzinduzi. Wanaastronomia wanahesabu siku mfululizo kuanzia adhuhuri ya tarehe 1 Januari 4713 kabla ya Kristo, na vipande vya siku wanaviandika kwa desimali; mwanaastronomia John Herschel ndiye aliyelisukuma pendekezo la kuitumia hesabu hiyo katika astronomia, katika kitabu chake cha mwaka 1849. Adhuhuri ya tarehe 1 Januari 2000 ni siku ya 2451545.0. Chukulia kwamba mtazamaji ameiona Delta Cephei, nyota ambayo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa kujirudia, iking'aa kwa kiwango chake cha juu katika siku ya 2460310.25, na mara nyingine katika siku ya 2460315.62. Akitoa ya kwanza kutoka ya pili anapata 5.37, nayo ni kadirio zuri la kipindi cha nyota hiyo, ambacho ni siku 5.366. Kazi imekwisha kwa mstari mmoja. Jaribu hesabu hiyohiyo kwa tarehe, miezi yenye siku zisizolingana, saa na dakika, na utaelewa kwa nini hakuna aliyehitaji sheria ya kuwalazimisha.

Hata hapo desimali ya siku ina mpaka wake. Tangu mwaka 1972 sekunde 27 za ziada zimeongezwa kwenye saa za dunia ili ziendane na mzunguko wa dunia, ya mwisho mwishoni mwa mwaka 2016. Siku inayopewa sekunde hiyo ina sekunde 86,401, na 0.5 yake haiangukii palepale inapoanguka katika siku nyingine. Siku ni kitu cha angani, na dunia haizunguki kwa usahihi wa mashine. Sekunde, kwa upande wake, tangu mwaka 1967 imefafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu, na haijali jua limechomoza au la. Anayetaka desimali inabidi achague atundike mfumo wake kwenye siku au kwenye sekunde, maana kati ya viwili hivyo kuna 86,400, na namba hiyo haitageuka kuwa ya kumi kumi. Wahandisi wanaoendesha mitambo kwenye sayari ya Mars walikuwa na nafasi adimu ya kuanza upya, kwa kuwa siku ya huko ina saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Walichofanya ni kuchukua 24, 60 na 60 zilezile na kuzirefusha kwa asilimia 2.75.

Gharama ya mchanganyiko tulio nao bado ipo, ila tumeizoea kiasi cha kutoiona. Katika majedwali ya muda wa kazi ninayoyapokea, saa 7 na dakika 45 huandikwa na wengine 7:45 na na wengine 7.45. Kwa programu, 7.45 ni saa 7 na dakika 27, na dakika 18 za mfanyakazi hupotea bila yeyote kuzichukua kwa makusudi. Andiko sahihi ni 7.75, na huo, kwa kweli, ni wakati wa desimali unaotumika kila mwezi na wahasibu ambao hawajawahi kusikia habari za Prieur. Mawakili wengi wanaotoza kwa muda hukata saa katika vipande vya dakika sita, yaani sehemu moja ya kumi ya saa, kwa sababu hiyohiyo. Tume ya mwaka 1897 ingewatambua wote hao kama watu wake.

Kisha kuna 3.6, namba ambayo kila mwanafunzi wa fizikia hukutana nayo anapobadilisha mita kwa sekunde kuwa kilomita kwa saa. Haitoki katika maumbile; ni 3,600 iliyogawanywa kwa 1,000, alama ya mahali ambapo kipimo cha kumi kimegongana na kipimo cha sitini. Kwa saa ya mwaka 1794, mita 1 kwa sekunde ingekuwa kilomita 10 kwa saa, na mabadiliko yangekuwa ya kusogeza nukta tu. Namba hiyohiyo imejificha ndani ya mita ya umeme: kizio tunacholipia ni kilowati-saa, ambacho ni megajuli 3.6, na kila anayetaka kulinganisha umeme alioutumia na nishati iliyomo katika lita ya mafuta au katika betri lazima aipitie.